Ndege Isiyohitaji Sahihi

Nikimwambia mtu kwamba nilisaidia kukarabati ndege, swali la kwanza huwa lilelile: na inaruka? Hapana. Haitaruka tena. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa kabla sijafika, na lisingeamuliwa, nisingeruhusiwa hata kuifuta vumbi.

Ndege inayoruka ina sheria kali. Ukifungua kifuniko cha injini leo, injinia mwenye leseni lazima aandike kwenye daftari la ndege kilichofanywa, siku gani, kisha aweke sahihi na namba yake. Bila sahihi hiyo, kazi haijafanyika, hata kama imefanyika vizuri namna gani. Lakini ndege ikiamuliwa iende makumbusho, lile daftari linafungwa. Hakuna abiria, hakuna rubani, hakuna mama atakayepigiwa simu usiku. Ndiyo maana wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa pili walikabidhiwa Tiger Moth nzima, wakaambiwa waifufue. Na ndiyo maana mtu kama mimi, ambaye si mwanafunzi wa popote, alipewa sindano.

“Mtu kama mimi” inahitaji maelezo. Nilisomea uhandisi wa ndege miaka miwili na nusu. Karo ikakwama. Chuo kikanitumia ujumbe mmoja wa simu, kikafunga akaunti yangu ya mtandaoni wiki mbili kabla ya mitihani, na stori ikaishia hapo. Matokeo ya miaka ile siwezi kupewa hadi nimalize deni. Kwa hivyo kulingana na karatasi, mimi ni msee wa KCSE. Najua kupiga hesabu ya jinsi boriti ya bawa inavyojikunja ikibebeshwa uzito, lakini hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba najua.

Watu wakisikia hivyo, hunipa akina Wright. “Kwani hujui hao waliounda ndege ya kwanza hawakuwa na digrii?” Najua. Wilbur na Orville hawakupata hata cheti cha sekondari. Ninachojua pia ni kwamba injini ya ndege yao ya 1903 iliundwa na fundi wao, Charlie Taylor, kwa wiki kama sita hivi, naye aliacha shule mapema kuliko wao. Waulize watu kumi barabarani nani alivumbua ndege. Hakuna atakayekutajia Taylor. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayonihusu, na si ile watu wanayonipa ili nijisikie vizuri.

Siku hizi naandika kwa kulipwa. Maelezo ya bidhaa, makala za mikopo midogo, hata hotuba za harusi za watu nisiowajua. Kazi ya ndege ilikuja kama hizo nyingine: mteja alitaka maneno 800 na picha za vijana wakiwa na vifaa mkononi. Nikapanda matatu ya Lang'ata Jumamosi moja asubuhi, nikidhani saa nane mchana nitakuwa nyumbani. Maneno 800 niliyamaliza siku ileile. Lakini nilirudi Jumamosi kumi zilizofuata, na hizo hakuna aliyenilipa.

Ndege yenyewe ilikuwa imeletwa kwa lori, vipande vipande, mabawa yamefunikwa kwa turubai. Tiger Moth ni ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1931, na zikaja kuundwa zaidi ya 8,000. Marubani wengi wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia humo, Uingereza, Kanada, Australia, Afrika Kusini, Rhodesia. Ina mabawa ya chini na ya juu, ndiyo maana wanafunzi waliibatiza Ghorofa. Viti ni viwili, kimoja nyuma ya kingine, vyote wazi kwa upepo. Injini ni ya silinda nne, imegeuzwa kichwa chini, nguvu za farasi 130, kiasi ambacho leo utakikuta kwenye gari la kawaida la familia. Haina breki. Tangi la mafuta liko juu ya vichwa vya watu, katikati ya bawa la juu, na mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Kuiwasha, mtu anasimama mbele na kuzungusha propela kwa mkono.

Kiwiliwili ni mabomba ya chuma. Mabawa ni mbao na kitambaa, basi. Ukivua kitambaa unabaki na boriti mbili ndefu na mbavu nyembamba zilizopangwa kama mifupa ya tilapia aliyeliwa vizuri.

Usidhani haya ni mambo ya mbali yaliyoletwa Nairobi kwa bahati mbaya. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege hapa mjini akiwa na rubani Tom Campbell Black, wakaanza na Gipsy Moth, ndege iliyoitangulia Tiger Moth katika ukoo huohuo. Kampuni iliitwa Wilson Airways. Uwanja wa Wilson, ule tunaoupita kwenye foleni ya Lang'ata tukilaani, ulipewa jina lake mwaka 1962. Kwa hivyo mbao na kitambaa ndiko anga la mji huu lilikoanzia.

Mwalimu wa wanafunzi hawa ni mzee aliyestaafu. Wote wanamwita Mwalimu, hata walinzi wa getini. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitengeneza Super Cub, zile ndege ndogo za kitambaa ambazo bado hutumika kupiga doria juu ya mbuga zetu. Kwake kitambaa si historia. Ni Jumanne ya kawaida kazini.

Wiki za kwanza zilikuwa za kuvua na kusafisha. Kitambaa cha zamani kilitoka kama ganda la ndizi iliyokauka. Ndani tulikuta viota vya panya, nyigu waliokufa, na sarafu moja ya senti kumi yenye tundu katikati. Mwalimu alipita kila kiungo cha mbao na kisu chembamba, akikibonyeza taratibu. Alitueleza kwamba ndege nyingi za mbao za enzi hizo ziliunganishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa. Ikikaa na unyevu, ukungu unaila kama unavyokula mkate. Mbavu tisa zilikuwa zimeachia. Wanafunzi wakachonga nyingine, vipande vyembamba kama rula, na kila iliyokuwa na kasoro ilivunjwa mbele ya aliyeichonga, bila maneno. Msichana mmoja kutoka Busia alivunjiwa nne. Ya tano ilipopita, aliibusu.

Kisha kikaja kitambaa. Zamani kilikuwa kitani au pamba, siku hizi ni poliesta. Unakigundisha kwenye fremu kikiwa kimelegea kidogo, halafu unakipiga pasi. Ndiyo, pasi hii hii ya nguo. Joto linakikaza. Unaanza na nyuzi kama 121 za Selsiasi, unazunguka bawa lote, kisha unapanda hadi 177. Ukizidisha hapo, kitambaa kinaanza kulegea tena na umeharibu. Kwa hivyo kila pasi inapimwa kwanza kwa kipimajoto. Wanafunzi walileta tatu kutoka hosteli. Mbili zilikuwa zikidanganya. “Sasa mnajua kwa nini mashati yenu yako hivyo,” Mwalimu akasema.

Baada ya pasi ndipo ugomvi ulipozuka.

Kitambaa kikishakazwa, kinashonwa kwenye kila ubavu. Sindano ndefu iliyonyooka inaingia juu ya bawa, inatokea chini, inarudi juu upande wa pili wa ubavu, kisha unafunga fundo. Unasogea vidole vichache, unarudia. Uzi umepakwa nta. Watu wawili wanafanya kazi pamoja, mmoja kila upande, bawa likiwa limesimamishwa wima. Bawa moja lina mishono mingi kiasi kwamba kufikia saa kumi jioni vidole vinakuwa si vyako.

Kijana mmoja wa Kitengela aliweka sindano chini. “Mwalimu, samahani. Kwani tunamshonea nani? Gundi imeshika. Hii ndege inaenda kusimama ndani ya chumba. Juu ya mishono tunapaka utepe, juu ya utepe rangi. Hakuna mtu ataona.”

Ningependa kusema kwamba wenzake walimpinga. Walinyamaza, na unyamavu wao ulikuwa wa kukubali. Alikuwa na hoja. Muhula ulikuwa unaisha, walikuwa wakitafuta nafasi za mafunzo kazini, na nafasi hizo hutolewa na watu wanaotaka kujua umefanya nini na injini za kisasa, si umefunga mafundo mangapi kwenye ndege ya babu. Muda wa maskini una bei. Mimi najua. Nilikuwa nimeacha kazi ya kulipwa Jumamosi ile kuwa pale.

Mwalimu hakukasirika. Alimwambia ashike bawa, kisha akaniangalia mimi. “Wewe binti uliyesoma hesabu. Mwambie mishono hii inafanya nini.”

Ilikuwa miaka mitatu tangu mtu yeyote aniulize swali la namna hiyo. Nikaeleza. Hewa ikipita juu ya bawa, shinikizo upande wa juu linapungua, na kitambaa kinavutwa kwenda juu. Huko kuvutwa ndiko sehemu kubwa ya kupaa kwenyewe. Lakini kitambaa peke yake si ndege. Nguvu ile lazima ifike kwenye mbavu, kutoka mbavu iende kwenye boriti, kutoka boriti iende kwenye kiwiliwili na kiti alichokalia rubani. Na kati ya kitambaa na ubavu, kinachoshika ni uzi. Rubani, mwanafunzi wake, injini, mafuta, vyote vinaning'inia kwenye uzi uliopakwa nta.

“Sawa,” kijana akasema. “Ikiruka.”

“Ikiruka,” Mwalimu akakubali. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Makumbusho, alisema, ndilo daftari la ndege ambayo haina daftari tena. Siku moja kitambaa hiki kitaoza, maana vyote huoza. Ile ndege ya akina Wright yenyewe ilivalishwa upya na Orville mwaka 1927, ikaja kuvalishwa tena mwaka 1985 huko Smithsonian, Marekani. Kila aliyeivua alikutana na kazi ya aliyemtangulia. “Atakayelifungua bawa hili, wakati mimi nimeshazikwa na wewe una wajukuu, atataka kujua Tiger Moth ilishonwa vipi. Ataangalia hapa. Ukimdanganya, umemdanganya mtu ambaye hana namna ya kukuuliza.”

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana aliokota sindano, akalalamika kuhusu mgongo, tukaendelea. Lakini nimekuwa nikiligeuza lile jambo kichwani. Mimi nilidhani sahihi kwenye daftari ndiyo inayomlazimisha mtu kufanya kazi vizuri. Itoe sahihi, itoe hofu ya ajali, itoe mteja, itoe hata macho ya watu, nini kinabaki? Mwalimu alikuwa anasema anabaki mtu mmoja, ambaye hajazaliwa bado, na ana mikono kama yako.

Sasa niseme kuhusu sindano. Baba yangu ni fundi wa makochi kule Kariobangi. Nimekulia kwenye mabaki ya godoro na kitambaa cha velveti. Kuna ile sindano ndefu ya kuvuta vifungo kwenye mgongo wa kochi: inaingia mbele, inatokea nyuma, unavuta hadi godoro linywee, unafunga fundo lisiloteleza. Nilianza kumshikia upande wa nyuma nikiwa darasa la tatu, yeye mbele, mimi nyuma, tukirudishiana sindano bila kuonana. Nilipoingia chuo, nilijua nimeachana na kazi hiyo. Sikuwahi kuitaja mbele ya wanafunzi wenzangu.

Mwalimu alipotuonyesha fundo la ndege kwa mara ya kwanza, kila mtu alililia. Mimi nililifunga mara ya pili tu, na mara ya tatu nikalifunga bila kuangalia. Fundo si lilelile, lakini vidole vilijua wapi pa kuvuta na wapi pa kuachia. Wanafunzi walioanza kwa kuniita “madam wa kamera” wakaanza kupanga foleni niwaonyeshe. Yule wa Busia akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia ukweli: Kariobangi, nyuma ya kochi.

Karibu na mwisho, kabla ya kupaka utepe na rangi, wanafunzi walitaka kuandika majina yao kwa penseli kwenye boriti, ndani ya bawa. Ni jambo mafundi wengi wamelifanya, na mimi nililipenda. Mwalimu akakataa katakata. Hakuna kuandika kwenye ndege kitu kisichokuwepo. Tukabishana naye, kwa heshima, lakini tukabishana.

Mimi nilimletea Kamau. Tarehe 14 Mei 1931, Gipsy Moth ya Denys Finch Hatton ilipaa kutoka Voi, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton unamjua, hata kama hujui kwamba unamjua: ndiye yule mwenye ndege kwenye filamu ya *Out of Africa* ya mwaka 1985. Amezikwa Milima ya Ngong, na juu ya kaburi kuna mnara wa jiwe. Ndani ya ndege ile walikuwa watu wawili. Wa pili alikuwa Mkikuyu aliyemfanyia kazi, na simulizi zinamtaja kwa jina moja tu, Kamau. Nikamwambia Mwalimu: ukipiga ngoma kule kwetu ukaita Kamau, watageuka watu nusu ya soko. Ndege hizi zimejaa Kamau. Waliozisukuma, waliozungusha propela, waliokata nyasi za viwanja. Kama sisi hatuandiki majina, nani ataandika?

Alinisikiliza hadi mwisho. Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari la kawaida la shule, la kurasa 96, kava gumu. Alikuwa amechora safu kwa rula: tarehe, jina kamili, kazi iliyofanywa, sehemu ya ndege, shahidi. “Litakaa kwenye faili la makumbusho pamoja na karatasi za ndege. Si ndani ya bawa, ambapo litasomwa na panya. Na mtaandika kazi, si jina tu. Jina bila kazi ni mikwaruzo ya ukutani.”

Tukapanga mstari. Kila mtu aliandika, naye akaweka sahihi kwenye safu ya shahidi, moja moja, na namba yake ya zamani ya leseni, ambayo haina nguvu tena. Hapakuwa na safu ya namba ya usajili wa mwanafunzi. Sijui kama aliiacha kwa sababu yangu, na sikumuuliza. Niliandika majina yangu matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kisha: kushona mbavu ya 4, ya 5 na ya 6, bawa la chini la kushoto.

Sitaki kukudanganya kuhusu thamani ya mstari huo. Deni la chuo liko palepale. Hakuna mwajiri atakayefungua faili la makumbusho kutafuta kama mimi nipo. Yule mteja wa maneno 800 alichapisha makala, picha moja akaikata hadi kwenye tabasamu la wanafunzi wawili, na mabawa hayaonekani kabisa. Na kibao kilichowekwa mbele ya ndege kina aina yake, mwaka na shukrani kwa waliotoa pesa. Wanafunzi wametajwa kwa neno moja: wanafunzi.

Lakini nilimpeleka baba kuiona. Alivaa koti la harusi. Alisimama mbele ya propela dakika mbili kwa adabu, kisha akafanya kile nilichojua atafanya: akachutama, mikono nyuma kwa sababu kibao kinasema usiguse, akaanza kuangalia tumbo la bawa la chini. Chini ya rangi na utepe, mafundo huonekana ukijua pa kutazama, vijivimbe vidogo kwenye mstari. Mimi sikuwa nimemwambia nilishona wapi. Alitembea hivyohivyo akiwa amechutama, ubavu baada ya ubavu, magoti yakimlia.

“Mama,” akaniita, kama anavyoniita tangu utotoni. “Hapa mkono umebadilika.”

Alikuwa kwenye ubavu wa nne. Akahesabu wa tano, wa sita, akafika wa saba, akasimama.

“Na hapa umebadilika tena. Huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi?”

Nikamwambia ni kijana mmoja wa Kitengela. Akacheka, akasema mwambie aje karakana, atamfundisha. Kisha akauliza uzi ule unauzwa wapi, na kama ile nta inaweza kushika kwenye kochi.